devm_kzalloc haimalizi kazi

Mwandishi, kuna jambo umelipita haraka mno katika makala yako. Umesema draiva ya Linux ikiomba kumbukumbu kwa devm_kzalloc, suala la kuirudisha limekwisha. Si kweli. Utaratibu huo, ulioingia kwenye keneli mwaka 2007, umetuondolea msururu wa goto na kfree kila probe inaposhindwa katikati, na kwa hilo nausifu sana. Lakini kumbukumbu hiyo inadumu kadiri kifaa na draiva yake vilivyounganishwa, bila kujali nani bado anaitumia.

Chukua kamera ya USB. Programu imefungua /dev/video0, kisha mtu anachomoa waya. Draiva inaachana na kifaa, keneli inarudisha kila kilichoombwa kwa devm, huku ile programu bado imeshikilia faili. Baadaye ikilifunga, draiva inaweza kugusa kumbukumbu ambayo imeshagawiwa kwingine. Mashine ikianguka hapo, afadhali. Kibaya zaidi ni ikiendelea kufanya kazi huku data imeharibika na mdukuzi amepata mlango.

Kwa hiyo, data inayofikiwa kupitia faili lililo wazi ihesabiwe watumiaji wake kwa kref, ifutwe pale wa mwisho anapoiachia. Na taimera na interapti zisimamishwe kwanza, kabla ya kufuta chochote zinachokigusa.

Ndugu mnaojifunza kuandika draiva, washeni KASAN, kigunduzi cha makosa ya kumbukumbu ndani ya keneli, chomoeni kifaa wakati programu inakitumia, kisha someni dmesg kwa makini.