Tatizo si Firefox, ni tovuti yako

Juzi dada yangu alikwama kwenye tovuti ya ofisi fulani: kitufe cha kupakia faili kimekufa. Akapiga simu, akaambiwa, "Tumia Chrome." Jamani, hilo nalo ni jibu?

Alikuwa ameshafuta kache na kuki, akazima viongezi, akasasisha Firefox. Wapi! Nikafungua konsoli. Kumbe aliyeiandika ameita showOpenFilePicker, ambayo Firefox haina, bila kuweka njia mbadala. Input ya kawaida ya type="file" ingefanya kazi kote. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Tulishapita hapa. Tovuti zilizoandikwa kwa ajili ya Internet Explorer 6 ya 2001 pekee zilisumbua watu miaka mingi, na Microsoft yenyewe ikaistaafisha Internet Explorer Juni 2022.

Na usiniambie eti umejaribu kwenye Chrome, Edge na Opera. Opera ilihamia Chromium 2013, Edge ikafuata 2020. Hapo umejaribu injini ileile mara tatu! Jaribu Firefox na Safari pia, ndipo umwambie mteja kivinjari chake ni kibovu.