MAMBO YA NYUMBANI: SHUKA ZA KITANI

Mwezi huu nataka kuwaeleza habari za shuka. Ni habari ndogo machoni, lakini ndani yake nimeona aibu yangu mwenyewe, na faida pia, basi nisikilizeni.

Nyumbani kwetu Tanga tumelala juu ya pamba tangu kuzaliwa. Pamba ni nguo njema: ni laini tangu siku ya kwanza, hupatikana kila duka, wala bei yake haimshindi mtu wa kawaida. Lakini ninyi mkaao pwani mwajua jinsi usiku ulivyo katika miezi ya joto, upepo unapotulia. Jasho hutoka, na shuka ya pamba ikiisha kulowa hugandamana na mwili, isikauke hata alfajiri. Mama mkwe wangu ni mzee sana, wala hawezi kujigeuza upesi kitandani. Yeye aliteseka kwa jambo hili kuliko sisi sote. Kila asubuhi nilipokwenda kumwamkia, "Shikamoo, Mama, umeamkaje?" alijibu, "Marahaba. Nimeamka, mwanangu, ila sikulala."

Miaka 2 iliyopita wifi yangu akaaye Ubelgiji alikuja kututazama, akatuletea shuka 2 za kitani na foronya 2, akanikabidhi akisema, "Hizi ni za Mama." Nilizipokea kwa shukrani. Lakini nilipozishika na kuona kuwa ni nguo ya thamani, nilizikunja vizuri, nikazifungia sandukuni, nikasema moyoni, "Zitatufaa siku tutakapopata wageni." Mwaka mzima ukapita. Wageni walikuja, wakalala, wakaenda zao, na kila mara niliona ya kuwa huyu si mgeni wa kutandikiwa kitani. Na mama yetu akaendelea kulala katika jasho, hali zawadi yake i hatua 3 tu kutoka kitanda chake.

Siku moja wifi alipiga simu, akamwuliza mama yake, "Je, zile shuka zinakufaa?" Mama akajibu, "Shuka zipi?" Mimi nilikuwa nimesimama pale pale nimemshikia simu. Sina haja ya kuwaeleza zaidi jinsi uso wangu ulivyokuwa. Jioni ile ile nilifungua sanduku, nikatandika.

Mama akapapasa shuka kwa mkono, akasema, "Mwanangu, mmenitandikia katani? Baba yangu alikata mkonge, nami katani naijua." Tulicheka, lakini hakukosea sana. Kitani kipya ni kigumu, nacho hukwaruza kidogo. Tena majina yenyewe yamekaribiana, hata watu wengi huyachanganya. Kwa hiyo yafaa tuyatenge.

Pamba ni nyuzi laini zizungukazo mbegu. Katani yetu hutoka katika majani ya mkonge, mmea ulioletwa nchini mwaka 1893. Ama kitani hutoka katika bua la mmea mwembamba wenye maua ya buluu, ambao urefu wake ni kama mita 1. Siku hizi hulimwa zaidi Ufaransa, na pia Ubelgiji na Uholanzi, karibu na bahari, mahali penye ubaridi na unyevu. Hupandwa mwezi wa Machi au Aprili, na baada ya siku 100 hivi hung'olewa pamoja na mizizi, haukatwi, ili nyuzi zisipotee urefu. Kisha hulazwa shambani wiki kadhaa, upate umande na mvua, mpaka ile gundi ishikayo nyuzi ioze. Ndipo hupondwa, huchanwa kama nywele, na kusokotwa. Kazi hii ni ndefu, na mashamba ni machache. Katika nyuzi zote za nguo duniani, kitani hakifiki sehemu 1 katika 100. Hii ndiyo sababu bei yake hupita ya pamba mara kadhaa. Hata jirani zetu wa Kenya wanajua habari zake: baada ya vita vya 1914 hadi 1918 walowezi walikipanda kwa wingi katika nyanda za juu, lakini bei ikaanguka ghafula mwaka 1920 na 1921, na wengi wakapata hasara kubwa.

Basi, turudi kitandani. Nilizifua shuka zile, nikazianika, nikazitandika, nikazifua tena. Kila zilipofuliwa zililegea kidogo, hata baada ya mara ya tano zikawa laini, ila si laini ya pamba. Ni laini yenye ubaridi. Kitani huweza kunywa maji hata kadiri ya sehemu moja katika tano ya uzito wake kabla hujayasikia mkononi, nacho hukauka upesi kuliko pamba. Tena uzi wake ukilowa huzidi nguvu, kwa hiyo haudhuriki upesi kwa kufuliwa. Usiku mmoja wa mwezi wa Februari, katika joto kali, tulilala kila mtu na taabu yake. Asubuhi nilikwenda kumwamkia Mama, nikamkuta angali amelala. Nikarudi kwa kunyata.

Sisemi kila mtu anunue kitani, wala asiuze mtu mbuzi wake kwa ajili ya shuka. Shuka ya pamba iliyo safi yapita shuka ya kitani iliyo chafu. Tena kitani hujikunja sana, na apendaye kitanda kilichonyoka kama karatasi hatafurahi nacho. Lakini ukijaliwa kukipata, anza na foronya moja ujaribu. Kifue kabla ya kukilalia, kwa maji ya vuguvugu, wala usitie dawa kali ya kung'arisha. Ukitaka kukipiga pasi, kipige kingali na unyevu. Tena usikikunje siku zote pale pale, maana kikikaa miaka mingi na mkunjo mmoja, nyuzi huvunjika katika mkunjo ule.

Jambo hili la mwisho ndilo lililonichoma. Wahenga walisema akiba haiozi, nami nalijifunika kwa neno lao mwaka mzima. Kumbe nguo ile niliyodhani naitunza ilikuwa ikingoja kukatika mkunjoni, na mzee aliyeletewa alikuwa akikosa usingizi. Siku za kuwalaza wazee wetu vizuri si nyingi kama tunavyodhani.

Basi, mwenzangu, nyumba nyingi zina sanduku la namna hii. Lifungue leo, uangalie kilichomo, ukiulize kila kitu, "Wewe uliletwa kwa ajili ya nani?" Kisha umpelekee mwenyewe.