Jambo la Amana Hufanywa Mchana

Usiku wa Jumapili ya tarehe 30 Machi 2003, watu wa Chicago wakiwa usingizini, matingatinga yaliingia katika uwanja mdogo wa ndege wa Meigs Field, polisi wakiyasindikiza. Yalikwenda moja kwa moja kwenye barabara ya kurukia ndege, yakaichimba alama kubwa za X katikati. Kulipokucha, ndege ndogo 16 zilikuwa pale pale zilipolala, nzima kabisa, ila hazina pa kurukia. Baadaye zikaruhusiwa kuondoka kwa kutumia njia ya pembeni, ile ambayo ndege huipita ikitambaa tu kwenda kuegeshwa.

Aliyetoa amri ni meya wa mji, Richard M. Daley. Kwa miaka mingi alitamani mahali pale, ufukoni mwa Ziwa Michigan, pawe bustani ya watu wote. Mwaka 2001 yeye na gavana wa Illinois walipatana uwanja ubaki hadi 2026, lakini sheria ya kuyakaza mapatano hayo haikupita katika bunge la Washington. Alipoulizwa sababu ya usiku ule, alijibu kwamba ni usalama: baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 hakutaka tena ndege ndogo ziruke jirani na maghorofa ya mji. Serikali kuu iliutoza mji faini ya dola 33,000 kwa kufunga uwanja bila kutoa taarifa ya siku 30, na mwaka 2006 mji ukakubali pia kurudisha dola milioni 1 za fedha za viwanja vya ndege zilizotumika kwenye ubomoaji. Uwanja haukurudi. Leo watu hutembea pale wakipunga upepo wa ziwa.

Mimi sina ugomvi na bustani. Ufuko ni mali ya umma, na umma una haki ya kuchagua kati ya ndege na nyasi. Ugomvi wangu ni na saa iliyochaguliwa. Aliye na hoja huileta barazani, watu wakaisikia, wakaipinga, wakashindwa au wakashinda. Aliyengoja watu walale amekiri kwa kitendo chake kwamba hakuitegemea hoja yake.

Huenda ukasema: hayo ya wenye ndege yanatuhusu nini sisi tunaogombania daladala na matatu? Tajiri akikosa pa kuegesha, na auze. Neno hilo ni tamu mdomoni, lakini nenda Nairobi ukautazame uwanja mdogo wa ndege wa Wilson. Mwaka 1929 mjane mlowezi, Florence Kerr Wilson, akishirikiana na rubani Tom Campbell Black, alianzisha Wilson Airways kwa ndege ndogo, na jina lake ndilo uwanja unalolibeba hadi leo. Pale pale ndipo zinapotoka ndege za madaktari wa AMREF, huduma iliyoanza mwaka 1957, kwenda kumchukua mgonjwa mahali ambapo gari lingefika amekwisha kufa. Kutoka pale mirungi ya Meru husafirishwa kwenda Mogadishu ikiwa bado mibichi, kwa maana ikinyauka haina mnunuzi. Na pale ndipo kijana anapojifunza kurusha ndege ya viti viwili, ili kesho akupeleke wewe kuhiji, au Dubai kuchuuza. Uwanja mdogo ukifungwa, tajiri atahamishia ndege yake kwingine. Mgonjwa wa Turkana hana pa kuhamia.

Basi tuutazame ugomvi wenyewe kati ya wenye ndege na mameneja wa viwanja, maana kila upande una lake.

Mwenye ndege ana shida ambayo mwenye duka hana. Mwenye duka akipandishiwa kodi hufunga virago, akavuka barabara. Ndege haivuki barabara. Isitoshe, mara nyingi mwenye ndege amejenga banda, ambalo wenyewe huliita hanga, kwa fedha yake juu ya ardhi ya kukodi. Mkataba ukimalizika, kwa kawaida ardhi na banda vyote hurudi kwa mwenye uwanja. Mkataba ukiwa mrefu, benki itamkopesha na banda litatunzwa. Ukiwa wa mwezi hadi mwezi, hakuna benki itakayomsikiliza, wala hatapiga rangi ukuta ambao kesho si wake. Ndege nayo haipendi kungoja. Ikikaa bila kuruka, injini huliwa na kutu kwa ndani, matairi hubonyea, ndege wa angani hujenga viota ndani ya bawa. Kila mwezi wa mvutano ni mwezi wa hasara.

Meneja naye si adui wa mtu. Lami ya barabara ya kurukia hupasuka, ije ndege moja au mia. Gari la zimamoto lazima liwe tayari siku zote, hata siku ambayo hapana aliyetua. Uzio lazima usimame, majani yakatwe, wanyama wafukuzwe. Na ada ya kutua huhesabiwa zaidi kwa uzito, hivyo ndege ndogo hulipa kidogo, ilhali mwendo wake wa pole huwachelewesha wakubwa wanaosubiri nyuma yake angani. Majirani nao hawaishi kumlalamikia kelele za wanafunzi wanaozunguka uwanja kutwa nzima. Aliye juu yake anamuuliza mapato yako wapi. Mtu wa namna hiyo akiona eneo pana lenye vindege vilivyofunikwa turubai, si ajabu moyo wake ukaelekea kwenye maghala na maduka.

Kwa hiyo ugomvi ni wa haki kwa haki, na ugomvi wa namna hiyo hausuluhishwi kwa kelele. Unasuluhishwa kwa daftari na kwa kikao. Wahenga hawakukosea waliposema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba hata urafiki bila daftari hupotea hivyo hivyo.

Nao usiku ninaoulaumu si giza la saa sita tu. Waraka wa ada mpya unaobandikwa Ijumaa jioni uanze kutumika Jumatatu, huo ni usiku. Mkataba unaoachwa uishe kimyakimya ili mpangaji awe hana pa kushika, huo ni usiku. Kufuli jipya langoni bila barua, huo ni usiku wa manane.

Lakini nanyi wenye ndege mna usiku wenu. Yupo anayetua kabla mnara haujafunguliwa ili ada imkose. Yupo aliyeitelekeza ndege isiyo na injini miaka na miaka, na anayetaka kununua ndege nzima hapati nafasi. Yupo ambaye banda lake lina makochi, magari mabovu na magunia, kila kitu isipokuwa ndege. Marekani jambo hili lilikithiri hadi mwaka 2016 mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, FAA, ikatoa mwongozo kwamba banda katika uwanja uliopokea fedha ya serikali ni la shughuli za ndege. Anayejiundia ndege humo amehesabiwa ndani, anayeweka makochi hakuhesabiwa. Na yupo yule ambaye, akidaiwa, hajibu barua. Humpigia simu mkubwa. Huyo asilie siku mkubwa mwingine atakapopigiwa simu dhidi yake.

Sheria imekwisha kutuonyesha njia. Tarehe 7 Desemba 1944 mataifa yalitia saini mkataba wa usafiri wa anga, na kifungu chake cha 15 kinataka ada za viwanja zinazotozwa ndege za nchi nyingine zitangazwe wazi, na mgeni asitozwe zaidi ya mwenyeji mwenye ndege na safari za namna moja. Mkataba huo ulitiwa saini wapi? Chicago, mji ule ule wa matingatinga. Ikiwa mgeni ana haki ya kuonyeshwa bei kabla hajatua, mwana wa nyumbani je? Shirika la ICAO, lililozaliwa na mkataba huo, huzishauri nchi kwamba ada zisibague, zifuate gharama halisi, hesabu zake ziwe wazi, na watumiaji washauriwe kabla hazijabadilishwa. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 47, inamtaka mwenye mamlaka atende kwa haki na kwa upesi, na ampe sababu kwa maandishi yule ambaye haki yake itaathirika. Dawa ipo kabatini; tatizo ni mgonjwa asiyetaka kuinywa.

Nawausia mameneja: itisheni kikao kabla ya waraka, msiitishe baada yake. Onyesheni lami inagharimu kiasi gani na zimamoto kiasi gani, kwa kuwa mtu hulipa kwa uchungu mdogo akijua analipia nini. Mnapotaka ardhi kwa kazi nyingine, semeni miaka kadhaa mapema, ili mwenye banda ajue kama ajenge au asijenge. Uwanja ni amana mkononi mwenu. Ulikuwapo kabla ya kiti chenu, na utabaki mkishastaafu.

Nawausia wenye ndege: dawa ya deni ni kulipa. Lipeni kwanza, kisha bisheni, maana mdaiwa hasikiki hata akisema kweli. Ondoeni mikweche yenu. Undeni umoja wenye katibu na kumbukumbu za mikutano. Wafungulieni majirani lango siku moja, watoto wa shule wakae kwenye kiti cha rubani, wajue kelele ile ni ya nini. Uwanja usio na rafiki nje ya uzio hauna wa kuutetea siku ya kura. Na mkiafikiana na mkubwa, msitosheke na kupeana mikono. Watu wa Meigs walikuwa na mapatano ya hadi mwaka 2026. Walichokosa ni sheria ya kuyakaza, na pengo hilo ndilo lililopitisha tingatinga.

Ndugu zangu wa pande zote mbili, tingatinga hufanya kazi ile ile saa nne asubuhi. Tofauti ni kwamba saa nne asubuhi yupo wa kuuliza, na yupo anayepaswa kujibu. Lile ambalo huwezi kulitenda mbele ya anayeuliza, liache lilale.