Mabasi Kwanza

Mwaka 2018 serikali ilichora mstari mwekundu kwenye lami ya Barabara Kuu ya Thika, ikawaambia wakazi wa Nairobi kuwa mabasi ya mwendo kasi yamo njiani. Jua na mvua vimeufifisha mstari huo. Mabasi hayajafika.

Barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, haikusubirishwa hivyo. Ilijengwa, na Mei 2022 magari yakaanza kupita. Serikali inajua kukamilisha kazi inapotaka.

Watetezi wa barabara hiyo husema hazina ya umma haikuguswa, kwa kuwa mjenzi atarudisha fedha zake kwa ada atakayotoza kwa miaka 27. Lakini nguzo zake zimesimama katikati ya barabara ya umma, na anayefaidi ni mwenye gari na pesa za kulipa. Tangu 2024, gari dogo hutozwa hadi Sh500 kwa safari moja. Abiria wengi wa matatu hawatumii kiasi hicho kwa siku nzima.

Simama chini ya nguzo hizo karibu na Uwanja wa Nyayo kabla jua halijachomoza. Utawaona vibarua kutoka Kibera wakitembea kwa miguu kwenda Eneo la Viwanda, chakula cha mchana kikiwa kwenye mfuko, wakikimbia kuvuka kila magari yanapopisha. Jioni mvua ikinyesha, nauli hupanda papo hapo, na mwenye hamsini mfukoni hubaki stejini akilowa.

Hatupingi barabara. Mkulima anayepeleka maziwa na viazi sokoni anaihitaji, na mgonjwa anayekimbizwa hospitalini vilevile. Tunapinga mpango wa jiji unaolihesabu gari na kumsahau mtu. Basi moja hubeba abiria ambao wangejaza magari madogo kadhaa. Ukipanua barabara bila mabasi, magari huongezeka na msongamano hurudi palepale.

Fedha zipo. Julai 2024 ushuru wa kutunza barabara ulipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa kila lita ya mafuta. Abiria wa matatu huulipa kupitia nauli, hata kama hajawahi kumiliki baiskeli. Bunge libadilishe sheria ili sehemu ya ushuru huo inunue mabasi, ijenge vituo na kutengeneza njia salama za wapita njia.

Dar es Salaam imetutangulia. Mwendokasi ilianza huko mwaka 2016, na leo ni sehemu ya maisha ya jiji. Tujifunze pia kutokana na machungu yake: mabasi yalipopungua, abiria walibanana na kungoja vituoni kwa muda mrefu. Zege peke yake halisafirishi mtu. Lazima mabasi yanunuliwe, yatunzwe na yafike kwa wakati.

Tunaitaka serikali isitie saini mkataba mwingine wa barabara ya kulipia jijini Nairobi kabla njia moja ya mabasi ya mwendo kasi haijaanza kubeba abiria. Ianze na ile ya Thika. Wananchi walikwisha kuonyeshwa mstari. Sasa waonyeshwe basi.