HIARI NI HIARI, SHURUTI NI SHURUTI
*Kutoka Kamati ya Tawi kwa wanachama wote*



Jumamosi tunakaa kuzungumzia mchango wa kuezeka ofisi ya tawi. Limeletwa pendekezo kwamba majina ya wasiochanga yatumwe kwenye kundi hili. Waliolileta wana nia njema, maana mvua zinakaribia na paa bado. Lakini tangazo la mchango huo linasema ni "wa hiari". Kamati inaona mambo hayo mawili hayakai pamoja. Tuelewane kwanza kuhusu maneno, ndipo tuje kwenye fedha.

*Sharti* ni jambo unaloelezwa kabla ya kuingia, ukalikubali. Ada ya mwanachama ni sharti, na kila mmoja wetu aliijua alipochukua kadi. *Kushawishi* ni kumpa mtu sababu, naye akabaki na haki ya kusema hapana. *Kushurutisha* ni kumwekea mtu tishio au adhabu ili afanye asichoridhia.

Tuangalie pia "kulazimika" na "kulazimishwa". Mvuvi wa Kirumba, ziwa likichafuka, analazimika kurudi mwaloni. Hakuna aliyemwamuru. Lakini mwenye mtumbwi akimwambia akubali bei yake la sivyo hapandi chombo tena, huyo amelazimishwa, na aliyemlazimisha anajulikana. Mara nyingi tunasikia "wananchi wamelazimika" mahali ambapo wamelazimishwa. Neno la kwanza linamficha mtendaji.

Sheria nayo inatofautisha. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haihesabu ridhaa iliyopatikana kwa shuruti kuwa ridhaa huru. Katiba ya nchi, Ibara ya 25, inakataza kazi ya shuruti. Ibara ya 20 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote.

Usukuma unalijua jambo hili. Wakoloni waliwaamuru wakulima kulima matuta na kupunguza mifugo, na aliyekaidi aliadhibiwa. Waliita maendeleo. Watu waliona shuruti, na hasira hiyo iliipa TANU nguvu huku kwetu. Baada ya uhuru, Mwalimu Nyerere aliandika mwaka 1968 kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia vijiji vya ujamaa. Novemba 1973 akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Katika operesheni iliyofuata wako waliobomolewa nyumba ili wahame. Wazee wetu wengine wanakumbuka. Shule na zahanati zilizofuata hazikufuta namna watu walivyohamishwa.

Kipimo chetu ni swali moja: *akikataa, atafanywa nini?* Kama jibu ni "hatafanywa kitu", hiyo ni hiari. Kama jibu ni "ataanikwa jina mbele ya watu mia mbili", hiyo ni shuruti, hata tukiiandikia "tafadhali".

Tunajua hoja ya upande wa pili: bila kubanwa, wengine watategea. Ni kweli, wategeaji wapo. Lakini orodha haimjui mtegeaji. Mwenzetu wa dagaa haingii ziwani mbalamwezi ikiwaka, na siku hizo hana cha kutoa. Jina lake litakaa sambamba na la mwenye nacho asiyetaka. Aibu itamwangukia asiye nacho, naye atatoka kwenye kundi kimya kimya. Tutapata mabati na kupoteza wanachama.

Kwa hiyo kamati itasimamia haya Jumamosi:

1. Majina ya wasiochanga yasitumwe popote.
2. Mapato na matumizi yatangazwe kila wiki, pamoja na risiti za mabati na mbao. Mtu akiona fedha inafanya kazi, anashawishika.
3. Asiye na fedha aje siku ya kuezeka kama anapenda, naye asiulizwe sababu.
4. Kikao kikiona fedha hizi ni lazima, basi kiamue hivyo waziwazi kwa kura na kwa mujibu wa katiba ya chama, na neno "hiari" lifutwe.

Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Chama kinachowaomba wananchi kura kwa hiari yao kianze kuiheshimu hiari ndani ya tawi.

Karibuni Jumamosi saa 10 jioni. Safari hii hatujaandika "bila kukosa".

*Imetolewa na Kamati ya Tawi, Ilemela, Mwanza*