Kunyamaza Bungeni Nako ni Kosa



Sheria humtia hatiani mzazi aliyemwacha mwanawe afe kwa njaa, hata kama hakumpiga kofi. Aliyekabidhiwa wajibu hujibu kwa alilotenda na kwa aliloacha kutenda. Twauliza: kwa nini mbunge asipimwe kwa mizani iyo hiyo?

Na tufungue daftari. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Kenya aligunduliwa mwaka 1984. Bunge lilipitisha waraka wa sera mwaka 1997, na Rais Moi akautangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa Novemba 1999. Sheria ya kuwakinga walioambukizwa na ubaguzi ilingoja hadi Desemba 2006, na sehemu yake kubwa haikuanza kutumika ila Machi 2009. Robo karne! Lakini Bunge la Tisa, lililoapishwa Januari 2003, lilijiongezea mishahara na marupurupu katika miezi michache tu. Kumbe haraka waijua. Hutegemea tumbo ni la nani.

Hapa Eldoret, waheshimiwa wakisinzia, Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yetu ya rufaa na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha AMPATH mwaka 2001, na maelfu wakapata dawa. Twawashukuru. Mwaka huohuo serikali za Afrika, yetu ikiwamo, ziliahidi mjini Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kenya haikulifikia lengo hilo. Bunge likapitisha bajeti mwaka baada ya mwaka, huku dawa za uhai zikitegemea mfuko wa mgeni. Januari 2025 Washington ilipoufunga mfuko huo ghafula, kazi ya AMPATH ilitikisika na hofu ikawaingia wagonjwa.

Watajitetea kwamba bajeti huandaliwa na Hazina. Utetezi huo hausimami. Ibara ya 95 ya Katiba ya 2010 inalikabidhi Bunge la Taifa ugawaji wa fedha za umma. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya afya. Mwenye kalamu ya kupitisha ndiye mwenye kalamu ya kukataa.

Ibara ya 104 nayo inatupa haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muhula kwisha. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya Sheria ya Uchaguzi vilivyoizonga haki hiyo kwa vikwazo. Hadi mwaka 2025 Bunge halikuwa limeliziba pengo hilo. Mshtakiwa ndiye aliyeshika ufunguo wa mahakama!

Kwa hiyo twadai sheria ya kumwondoa mbunge itungwe bila hila. Twadai kura ya kila mbunge juu ya fedha za afya itangazwe kwa jina lake. Na kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, kila mgombea aulizwe hadharani: ulikuwa wapi dawa zilipokuwa mashakani?

Kifungu cha 2A hakikufutwa Desemba 1991 ili tupate vyama vingi vyenye ukimya mmoja. Asiyetusemea, tusimpigie kura.