Saratani ya Burkitt: Dawa ilipatikana zamani, mbona watoto wangali wanafariki?

JINA la Denis Burkitt linajulikana na madaktari wa watoto kote Afrika Mashariki, ila aghalabu wanaolitamka hawamfikirii mtu bali maradhi: ile saratani inayofurisha taya la mtoto, ikalegeza meno na kulitokeza jicho, na ambayo huweza kukua maradufu kwa siku chache tu.

Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyepoteza jicho moja utotoni, aliwasili Uganda mwaka 1946 kama daktari mpasuaji wa serikali ya kikoloni. Hakuwa mtafiti. Mnamo 1957 Dkt Hugh Trowell alimwita katika Hospitali ya Mulago amtazame mtoto aliyefura taya la juu na la chini, kushoto na kulia. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akamwona mwingine mwenye dalili zizo hizo.

Haki yataka isemwe kwamba hakuwa wa kwanza kuuona uvimbe huo. Albert Cook, mmishonari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo, alikuwa ameunakili katika kumbukumbu zake miongo kadhaa awali. Isitoshe, makala ya Burkitt ya mwaka 1958 iliuita sarkoma. Wanapatholojia wa Kampala, miongoni mwao Gregory O'Conor, ndio waliobainisha kuwa ni limfoma, yaani saratani ya tezi. Mchango wake ulikuwa kutambua kwamba uvimbe wa taya, wa figo, wa ini na wa ovari, uliotibiwa kila mmoja kivyake, ulikuwa ugonjwa mmoja.

Kisha akauliza swali ambalo wapasuaji huuliza kwa nadra: unapatikana wapi? Kwa ruzuku ya pauni 25 alichapisha picha na kuzituma hospitali nyingi barani. Mwaka 1961, pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, aliendesha gari kuukuu takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini, akipiga hodi hospitali baada ya hospitali. Ramani iliyotokea ilifuata joto na mvua. Kandokando mwa Ziwa Victoria na katika mwambao wa pwani ugonjwa ulikuwapo. Katika nyanda za juu za Kenya haukuonekana. Ilikuwa, kwa hakika, ramani ya malaria.

Mwaka uo huo mhadhara wake jijini London ulihudhuriwa na Anthony Epstein. Sampuli zikasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Leo wataalamu wanaamini kuwa malaria ya mara kwa mara hudhoofisha uwezo wa mwili kukidhibiti kirusi hicho.

Umaarufu wa baadaye wa Burkitt, hadi kifo chake mwaka 1993, ulitokana na kampeni yake kuhusu nyuzinyuzi katika chakula. Ushahidi wake huko ulikuwa mwepesi zaidi.

Lililo zito ni tiba. Kampala haikuwa na mashine za miale, hivyo Burkitt alijaribu dawa, naye Peter Clifford akafanya vivyo hivyo jijini Nairobi. Watoto waliokuwa wakingojea kifo walipona, baadhi yao kwa dozi chache za cyclophosphamide, dawa isiyo ghali. Katika mataifa tajiri, zaidi ya watoto wanane kwa kila kumi hupona siku hizi. Huku kulikoanzia tiba yenyewe, wanaopona ni wachache zaidi. Mtoto hupelekwa kung'olewa jino, au kwa mganga, kisha nauli hukosekana. Akifika hospitali ya rufaa, uvimbe umekwisha kuenea. Wengine huanza dawa na kutoweka kabla ya kuzimaliza.

Tangu Septemba 2019 Kenya imekuwa ikitoa chanjo ya malaria, ikianzia Homa Bay na kaunti nyinginezo za magharibi, eneo lilo hilo la ramani ya Burkitt. Iwapo itapunguza saratani hii kutajulikana tu ikiwa kila kisa kitaandikwa katika sajili za saratani, kikiwemo cha mtoto anayefia nyumbani.